Mafahali Watano, Zizi Moja: Tuirudie Albamu ya Traveling Wilburys

Nikisikia waimbaji wakubwa wanatoa albamu ya pamoja, sikimbilii kuitafuta. Kazi za namna hii zina desturi mbaya. Majina mazito yakipangwa kwenye jalada moja huuza nakala nyingi wiki ya kwanza, halafu mnunuzi anafika nyumbani na kugundua kwamba kila mkubwa amekuja na nyimbo mbili tatu alizozikosea nafasi kwenye albamu yake mwenyewe. Wenzake wameitikia nyuma, picha zimepigwa, hundi zimegawanywa, kila mtu kashika njia yake.

Kwa hesabu hiyo, albamu ya kwanza ya Traveling Wilburys, iliyotoka Marekani tarehe 18 Oktoba 1988, ilikuwa na kila sababu ya kuwa mbovu. Hebu tazama orodha: George Harrison aliyekuwa Beatles, Bob Dylan, Roy Orbison, Tom Petty, na Jeff Lynne wa Electric Light Orchestra. Watano hao kila mmoja alikuwa na kundi lake au jina lake, na kila mmoja alizoea kuwa mwenye neno la mwisho studioni. Wahenga walikwisha kusema kuhusu mafahali wawili na zizi moja. Watano hawakuwataja, pengine kwa kuwa hakuna mfugaji mwenye akili aliyewahi kujaribu.

Na bado albamu ile ni nzuri, ya kufurahisha, na kwa maoni yangu ndiyo kipimo ambacho kolabo zote za waimbaji-watunzi wa folk na rock zinapaswa kupimwa nacho. Maelezo yanayotolewa kila mara ni urafiki: walipendana, wakacheka, wakapiga magitaa. Sikatai kwamba walipendana. Lakini marafiki wametoa albamu mbaya tele. Mimi naona kilichowaokoa ni mambo ya kikazi kabisa: walivyogawana sauti, muda mfupi waliokuwa nao, na walivyoyashusha majina yao mlangoni kabla ya kuingia.

Tuanze ilikoanzia. Harrison alikuwa ametoa Cloud Nine mwaka 1987, akishirikiana na Lynne kama prodyuza, baada ya kukaa miaka mitano bila albamu. Mwanzoni mwa 1988 kampuni ilitaka wimbo wa ziada wa kujazia santuri ya "This Is Love", wimbo wa albamu hiyo, kwa soko la Ulaya. Kazi ya kujazia tu, ile ambayo mwanamuziki huimaliza mchana mmoja na kuisahau. Harrison alikuwa Los Angeles mwezi Aprili, Lynne naye yuko huko akifanya kazi na Orbison. Wakakaa kula chakula cha usiku, Harrison akasema anahitaji studio kesho yake, Orbison akasema angependa kuja kutazama. Studio iliyopatikana haraka ilikuwa ya Dylan, ndani ya gereji yake kule Malibu. Gitaa la Harrison lilikuwa limebaki nyumbani kwa Petty. Akaenda kulichukua, akarudi na gitaa pamoja na mwenye nyumba.

Wimbo ulitungwa palepale. Kichwa chake, "Handle with Care", kilitoka kwenye maandishi ya boksi lililokuwa gerejini, onyo la kawaida la kubeba mzigo kwa uangalifu. Wakubwa wa kampuni ya santuri ya Warner, Mo Ostin na Lenny Waronker, walipousikia wakaona ni israfu kuufukia upande wa pili wa santuri. Ndipo likazaliwa wazo la kutunga nyimbo nyingine tisa.

Sasa usikilize wimbo huo kwa sikio la fundi, kwa sababu ndani yake kuna kanuni yote ya albamu. Harrison anaimba beti. Sauti yake ni ya chini, imechoka kidogo, ni ya mtu aliyepigwa na dunia na amejifunza kulisimulia jambo hilo kwa mzaha. Wimbo mzima ungeweza kubaki hapo na ungekuwa wimbo mzuri wa Harrison. Lakini unapofika katikati, muziki unapanda na Orbison anaingia. Kipande kile hakikuwa cha Harrison kuimba; kilitungwa kwa kumtazama Orbison, mtu ambaye tangu "Only the Lonely" ya 1960 alikuwa na njia yake ya kupandisha upweke ngazi kwa ngazi mpaka sauti inakaribia kupasuka, na haipasuki. Baada yake wanakuja Dylan na Petty kwa pamoja, sauti mbili za puani, kavu, za watu wa barabarani, zikiurudisha wimbo chini. Mwishoni Dylan anapuliza kinanda cha mdomo.

Hii ni tofauti na kumpa mgeni ubeti wake. Mgeni ukimpa ubeti, atafanya yake na kuondoka, na wimbo utabaki wa mwenyeji. Hapa ukimwondoa Orbison wimbo unapoteza kilele. Ukiwaondoa Dylan na Petty unapoteza mahali pa kutua. Kila sauti imebebeshwa kazi ambayo nyingine haiwezi kuifanya. Tulio Afrika Mashariki tumezoea kolabo za aina nyingine: wimbo mmoja, msanii anayealikwa anarekodi sehemu yake katika mji mwingine na kuituma kwa mtandao, jina lake linaongezwa baada ya la mwenyeji, na wakati mwingine wawili hao wanaonana kwa mara ya kwanza siku ya kupiga video. Zipo kazi tamu zilizopatikana hivyo. Ila hakuna mtu pale aliyetunga akiwa anatazamana na koo la mwenzake.

Na kwa wasikilizaji wetu, Orbison si mgeni sana. Aliyekulia kwenye redio iliyompiga Jim Reeves kila Jumapili atamfahamu ndani ya mistari miwili, ingawa Reeves alituliza mahali ambapo Orbison anapasua.

Nyimbo zilizofuata zilirekodiwa mwezi Mei, katika nyumba ya Dave Stewart wa Eurythmics huko Los Angeles. Magitaa ya kuparaza yalirekodiwa jikoni, watu wamekaa kwa duara. Mchana walitafuta muziki, jioni walikula, maneno yakatungwa mezani kila mtu akirusha mstari wake, na usiku wakaimba. Jim Keltner, mpiga ngoma, aliingia hata kwenye friji la mwenye nyumba na kugonga rafu na vilivyomo. Mlio huo umo kwenye "Rattled". Kwa nafasi ya kuongoza wimbo walijaribishana: mmoja anaimba, mwingine anaimba, halafu inaamuliwa nani imemkaa vizuri. Fikiria Bob Dylan anaingia kwenye mchujo.

Haya yote yalichukua kama siku kumi hivi. Si kwa sababu walikuwa na kanuni ya kisanaa kuhusu haraka. Dylan alikuwa na ziara inayoanza tarehe 7 Juni huko Concord, California, na kalenda haibembelezwi. Kizuizi hicho kiliwafaa kuliko vifaa vyovyote. Mtu mwenye siku kumi hana muda wa kurekodi upya sehemu ya mwenzake usiku wa manane wenzake wakiwa wamelala. Hana muda wa kuuliza kwa nini yeye ana nyimbo mbili na fulani ana tatu.

Linganisha na Crosby, Stills, Nash and Young, kundi jingine la waimbaji-watunzi wanne wenye majina yao. Albamu yao Déjà Vu ya Machi 1970 ina sifa zake, na sitaki barua za mashabiki, lakini Stephen Stills mwenyewe alikadiria kwamba iliwala takriban saa 800 za studio. Na zinasikika. Ukiisikiliza kwa makini unasikia vyumba vinne. Wimbo huu ni wa Young, ule ni wa Nash, na majirani wamepita kusalimia.

Albamu ya awali ya Crosby, Stills na Nash, ya Mei 1969 kabla Young hajaongezwa, ilikuwa na umoja mkubwa zaidi, na sababu yake haisemwi sana. Ile miitikio mitatu iliyoungana kama koo moja ni ya wote, kweli. Ila besi, kinanda, na karibu magitaa yote ya kuongoza ni Stills peke yake, akisaidiwa na Dallas Taylor kwenye ngoma. Wenzake wakambandika jina la utani la mtu mwenye mikono mingi. Umoja wa albamu ile ulitokana na mtu mmoja kufanya kazi kupita wengine, na deni la namna hiyo hulipwa baadaye, kwa riba.

Wilburys nao hawakuwa demokrasia kamili, na hapa simulizi la jikoni linahitaji kupunguzwa chumvi. Siku zile kumi zilipokwisha, Harrison na Lynne walizibeba tepu mpaka Friar Park, nyumbani kwa Harrison huko Henley-on-Thames, Uingereza, wakamalizia kazi katika studio yake. Wawili wakafanya uamuzi wa mwisho kwa niaba ya watano. Mlio unaousikia, yale magitaa ya kuparaza yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, ngoma zilizonyooka kama zimepigwa pasi, ni mlio wa Lynne mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaouchukia. Nawaelewa: ngoma zile zimezeeka kuliko sauti za waimbaji, na kuna mahali natamani angeacha vumbi kidogo. Lakini bila mtu wa kuvisawazisha, Orbison na Dylan kwenye santuri moja wangeonekana watu wawili waliokosea basi.

Tena Lynne alikuwa ameshika kazi zote kwa wakati mmoja. Kipindi kilekile alikuwa anamtengenezea Orbison sehemu ya Mystery Girl, na Petty albamu ya Full Moon Fever, zote mbili zikatoka mwaka 1989. "You Got It" ya Orbison ilitungwa na Orbison, Lynne na Petty. Kwenye "I Won't Back Down" ya Petty, Harrison yumo, anapiga gitaa na kuitikia. Kwa hiyo tusiichukulie Wilburys kama muujiza ulioanguka jikoni kwa mtu. Ilikuwa karakana moja yenye milango mitatu, na mafundi walikuwa wanapita kutoka chumba hadi chumba.

Nije kwenye majina, ambapo ndipo ninapoona werevu mkubwa zaidi. Crosby, Stills na Nash walikataa jina la kundi. Walikuwa wametoka kwenye makundi: Crosby alifukuzwa Byrds mwaka 1967, Buffalo Springfield ya Stills ilivunjika 1968, Nash aliiacha Hollies mwishoni mwa mwaka huohuo. Waliona kundi ni kitu kinachoweza kuendelea bila wewe. Wakatumia majina yao ya ukoo ili asiwepo wa kubadilishwa. Ni busara ya mtu aliyewahi kuumizwa. Lakini ukishaandika majina matatu mlangoni, umekwisha kuweka na mpangilio: nani wa kwanza, nani wa mwisho, na akiongezwa wa nne anakaa wapi.

Wilburys walifanya kinyume. Kwenye jalada hakuna jina la Dylan wala la Harrison. Wapo ndugu watano wa kubuni: Nelson ni Harrison, Otis ni Lynne, Lefty ni Orbison, Charlie T. Jr. ni Petty, na Lucky ni Dylan. Michael Palin wa Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza, aliandika maelezo ya utani ya ndani kwa jina la bandia. Bila shaka nyuso zao zilikuwa palepale kwenye picha na hakuna duka lililodanganyika. Mzaha huo haukukusudiwa kumficha mtu. Ulimpa kila mmoja ruhusa ya kuwa mdogo. Lucky Wilbury anaweza kuimba upuuzi wa magari na mahaba kwenye "Dirty World", wenzake wakipokezana kutaja vitu mmoja baada ya mwingine, na hakuna mhakiki atakayeuliza nabii wa kizazi ana maana gani. Kwa Dylan wa mwaka 1988 ruhusa hiyo ilikuwa dawa. Albamu yake Down in the Groove ilitoka Mei ileile, ikapokewa vibaya.

Hata kwenye karatasi za hakimiliki, nyimbo zote kumi ziliandikwa kuwa za kundi. Mjuzi akitazama kampuni ya uchapishaji iliyotajwa chini ya kila wimbo ataambulia nani alishika usukani: "Tweeter and the Monkey Man" iko chini ya kampuni ya Dylan, "Handle with Care" chini ya ile ya Harrison. Lakini hilo limewekwa mahali pa kutafutwa na wadadisi kama mimi, halikupigiwa tarumbeta.

"Tweeter" yenyewe inanisumbua, kwa sababu inagombana na hoja yangu. Ni simulizi ndefu ya wauza dawa za kulevya, New Jersey, iliyojaa dokezo za nyimbo za Bruce Springsteen, mwanamuziki wa rock wa jimbo hilohilo, na Dylan anaiimba peke yake huku wengine wakingoja kibwagizo. Kwa kanuni niliyoieleza ingepaswa kuwa udhaifu wa albamu: mkubwa amejifungia chumbani kwake. Na bado ni kati ya vitu vitatu bora humo ndani. Jibu langu, na msomaji anaweza kulikataa, ni kwamba Dylan hakuwa amekuja nayo mfukoni. Ilianzia katika mazungumzo yake na Petty jikoni, wenzao wakisikiliza, na bila ile hewa ya mzaha asingejiachia vile. "Congratulations", ambayo pia ni yake, haina hewa hiyo. Ni wimbo wa uchungu usioondoka mahali, na kiitikio cha wote kinausindikiza kama wageni waliofika msibani wasimjue marehemu.

Kuna jambo lingine lisilopaswa kufichwa na vicheko. Mafahali hawa walikuwa na makovu. Orbison alikuwa na miaka 52, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu "Oh, Pretty Woman" ya 1964. Electric Light Orchestra ya Lynne ilikwisha kuzimika. Nyumba ya Petty iliteketea kwa moto Mei 1987. Harrison hakuwa na hamu ya jukwaa. Dylan, miaka 47, nimekwisha kumsema. Stills alikuwa na miaka 24 walipotoa ile albamu ya 1969. Crosby na Nash 27. Kijana wa miaka hiyo akiombwa ampishe mwenzake kilele cha wimbo, anaona anaibiwa maisha. Mtu aliyekwisha kupanda na kushuka anajua kesho ipo. Petty ndiye aliyekuwa mdogo wao, miaka 37, na katika albamu nzima anaimba kama mtu aliyeokota tiketi ya kuingia mahali asipostahili, mwenye furaha ya kubeba mizigo ya wakubwa. Sikiliza anavyoshika beti za "End of the Line" huku Harrison, Lynne na Orbison wakipokezana vibwagizo.

Walishinda kwa hesabu zote. Albamu ilifika nafasi ya 3 Marekani, ikauza mamilioni, ikapata tuzo ya Grammy ya uimbaji wa kundi la rock mwaka 1990. Lakini Orbison hakuiona tuzo hiyo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 6 Desemba 1988, wiki saba tu baada ya albamu kutoka.

Wanne waliobaki walirudi studioni, na mwaka 1990 wakatoa albamu ya pili wakaiita Vol. 3, mzaha ambao kwa mara ya kwanza ulikuwa unasikika kama umefanyiwa kazi. Masharti yalikuwa yaleyale: majina mapya ya kubuni, Lynne kwenye mitambo, magitaa, kuitikiana. Na ni albamu ya kawaida tu. Nimejaribu kuipenda. Dylan na Petty wamejaa kote, sauti zao zinafanana mno kwa ukavu, na kila wimbo unafika pale ambapo Lefty angepanda, halafu haupandi. Kwa hiyo nakubali kwamba mpangilio mzuri wa kazi hautoshi. Lazima kuwepo na tofauti ya kweli ya sauti ya kupangwa. Hawakupiga hata onyesho moja la ziara pamoja, na sidhani kama tulipoteza kitu.

Kizazi cha sasa kimelijaribu jambo hili tena, na mfano bora ni boygenius: Julien Baker, Phoebe Bridgers na Lucy Dacus, kila mmoja akiwa na albamu zake. Kwenye jalada la kazi yao fupi ya 2018 walikaa kwenye kochi kwa kuigiza makusudi picha ya Crosby, Stills na Nash. Albamu yao kamili, the record, ilitoka Machi 2023. Inaanza vizuri kwa sauti tatu bila ala, kisha zinafuata nyimbo tatu mfululizo, mmoja wa Baker, mmoja wa Bridgers, mmoja wa Dacus, kama watu wanaojitambulisha kwenye kikao. Nzuri zote, ila ni vyumba vitatu. Kisha "Not Strong Enough" inafika. Bridgers anaanza, Baker anapokea, na Dacus anachukua kipande cha katikati anachokirudiarudia mpaka kinageuka kitu kikubwa kuliko wimbo. Ndio wimbo uliowapa Grammy mbili kati ya tatu walizobeba Februari 2024, na kwa mara moja wapiga kura wale nakubaliana nao. Umetungwa kwa namna ileile ya gereji ya Malibu: kila sauti imewekwa mahali ambapo mwenzake asingefika.

Anayetaka kuisikiliza Wilburys leo kwa mara ya kwanza asiifuate kwa mpangilio. Aanze na "Handle with Care", kisha "End of the Line", kisha "Not Alone Any More", ambapo Orbison ameachiwa uwanja mzima na Lynne amejua kukaa kimya. "Tweeter" iwekwe kwa safari ndefu. "Rattled" ni kwa ajili ya friji. "Margarita" inaweza kurukwa. Vinanda vyake vya umeme vilikuwa vimechoka hata mwaka ule ulipotoka.